Uandikwe Mwaka Mwema: Salamu na Desturi za Mwaka Mpya wa Wayahudi

Hotuba kwa mkutano wa majirani wa dini mbalimbali, Nairobi

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mashehe na wachungaji mliofika, mama zangu, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma kama kawaida yenu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shalom.

Nimeitwa kusema juu ya salamu. Kila mmoja hapa anajua kumwambia mwenzake Idd mubarak na Krismasi njema. Lakini Septemba inapofika, ukakutana na jirani Myahudi, au mteja, au daktari wako, unabaki unatabasamu tu. Umwambie nini? Jibu fupi ni maneno mawili: shana tova, yaani mwaka mwema. Mngeridhika na hayo ningeshuka sasa hivi tukanywe chai.

Shida ni kwamba salamu za mwaka huu mpya hazikai mahali pamoja. Mwezi mmoja kabla ya sikukuu zina sura yake. Usiku wa kwanza zinakuwa nyingine. Siku ya tatu zimegeuka tena, na baada ya siku kumi zinageuka mara nyingine. Atakayekusalimia leo kwa salamu ya juzi hatafukuzwa, ila mwenyeji atajua kwamba mgeni wake hajui kesi imefika wapi. Nimesema kesi, na ulimi haukuteleza. Mwaka mpya wa Kiyahudi ni siku ya hukumu, na salamu zake zinafuata mwenendo wa kesi hatua kwa hatua. Ukiijua kesi, salamu hazitakupa taabu, na hata vyakula vya sikukuu hiyo vitaeleweka.

Tuanze na jambo linalowashangaza wasomaji wa Biblia. Ukitafuta maneno “mwaka mpya” katika sheria za sikukuu hii ndani ya Torati, hutayapata. Walawi sura ya 23 na Hesabu sura ya 29 zinaagiza kwamba siku ya kwanza ya mwezi wa saba watu wapumzike, wakusanyike, na sauti ya pembe isikike. Mwezi wa saba, jamani! Mwaka gani unaanza mwezi wa saba? Tena Kutoka sura ya 12 ilikwisha kuutaja mwezi wa kwanza, ule wa Pasaka, unaoitwa Nisani. Walimu wa Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika huko Galilaya karibu na mwaka 200, walilimaliza swali hilo bila kutoka jasho: miaka mipya iko minne. Kuna mwaka wa wafalme na wa mpango wa sikukuu, tarehe 1 Nisani. Kuna wa zaka ya mifugo, tarehe 1 Eluli. Kuna wa miti, katika mwezi wa Shevati. Na kuna wa kuhesabia miaka yenyewe, tarehe 1 Tishri, ambao ndio Rosh Hashanah, kichwa cha mwaka. Tusijifanye tunashangaa sana: mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza Julai, na sijamsikia mtu akipiga fataki.

Miaka yenyewe inahesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu, kama walimu wa kale walivyoikokotoa kutoka kwenye Maandiko. Mwaka unaokuja ni wa 5787, nao unaingia jioni ya Ijumaa tarehe 11 Septemba 2026. Unaingia jioni kwa sababu siku yao huanza jua likitua. Kwa watu wa pwani hilo si geni. Sisi tunaosema usiku wa Ijumaa tukiwa bado kwenye Alhamisi ya wengine hatuhitaji kufundishwa.

Tarehe inahamahama kwa sababu miezi ni ya mwandamo. Miezi 12 ya mwandamo haifiki mwaka wa jua. Inapungua siku kama 11. Waislamu wanaiacha izunguke, ndiyo maana Ramadhani hupita masika na kiangazi na misimu yote. Wayahudi hawana ruhusa hiyo, maana Torati inataka Pasaka iangukie majira ya kuchipua, hivyo wanaongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19. Matokeo yake, Rosh Hashanah inazunguka kati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba, basi. Na haiangukii kamwe Jumapili, Jumatano wala Ijumaa, ili sikukuu nyingine za mwezi huo zisigongane na Sabato kwa namna ya kuwatesa watu.

Hiyo ni kalenda ya hesabu, ya sasa. Zamani ilikuwa kalenda ya macho, na hapa naomba masikio ya mashehe. Mwezi ulitangazwa na mahakama ya Yerusalemu baada ya kusikiliza mashahidi. Mashahidi walikusanywa kwenye ua ulioitwa Beit Yaazek, wakaandaliwa karamu nono ili wasichoke kuja. Walishughulikiwa jozi kwa jozi, kila mmoja akiingizwa peke yake na kuulizwa: mwezi uliuona kaskazini ya jua au kusini? Ulikuwa juu kiasi gani? Pembe zake zilielekea wapi? Rabban Gamaliel, aliyekuwa mkuu wa walimu, alikuwa na michoro ya mwezi ukutani katika chumba chake cha juu, akiwaonyesha wale wasiojua kueleza: ulikuwa hivi, au hivi? Ukishatangazwa, moto uliwashwa juu ya Mlima wa Mizeituni, mlima wa pili ukauona ukawasha wake, na habari ikarukaruka hivyo hadi kwa Wayahudi wa Babeli. Wasamaria wakaanza kuwasha moto wa uongo kuwachanganya, ndipo ikabidi wajumbe watumwe kwa miguu.

Basi mwaka mmoja Rabban Gamaliel akawapokea mashahidi ambao wenzake waliwaona kuwa ni waongo. Rabi Yehoshua, mmoja wa walimu wakubwa, akakubaliana na wapinzani. Maana yake ni kwamba Tishri yote ilikuwa na tarehe mbili, na Siku ya Upatanisho, iliyo takatifu kuliko zote, ilikuwa mara mbili. Gamaliel akamtumia neno: nakuamuru uje kwangu na fimbo yako na fedha zako siku ile ambayo kwa hesabu yako ni Siku ya Upatanisho. Mzee wa watu aivunje siku takatifu kwa miguu yake mwenyewe! Yehoshua akahangaika, akashauriana na wenzake, mwishowe akashika fimbo na mfuko wake wa fedha, akaenda. Gamaliel akasimama, akambusu kichwani, akamwambia: karibu mwalimu wangu na mwanafunzi wangu, mwalimu wangu kwa hekima, mwanafunzi wangu kwa kuwa umelikubali neno langu.

Naona mashehe wanacheka na kutazamana. Sisemi kitu. Nilitaka tu mjue kwamba ugomvi wa mwezi una historia ndefu kuliko ya Baraza letu la wanazuoni na ya redio zote.

Ugomvi huo huo wa macho ndio uliozaa jambo jingine: Rosh Hashanah ni siku mbili kila mahali, hata ndani ya Israeli ambako sikukuu nyingine zina siku moja pungufu. Sikukuu nyingine huja katikati ya mwezi, wajumbe wameshafika. Hii inakuja siku ile ile ya mwandamo, na mashahidi wanaweza kutokea alasiri watu wamekwisha kukata tamaa. Walimu wakazihesabu siku hizo mbili kama siku moja ndefu.

Sasa turudi kwenye kesi yetu. Kesi kubwa haianzi siku ya kusikilizwa. Watu huanza kuhangaika tangu wanapopokea hati ya kuitwa. Hati hiyo ni mwezi wa Eluli, unaoitangulia Tishri. Tangu mwanzo wa mwezi huo pembe hupigwa sinagogini asubuhi, siku zote isipokuwa Sabato, na siku moja ya kabla ya sikukuu. Wayahudi wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu huamka kabla ya alfajiri karibu mwezi mzima kusoma sala za toba. Wale wa asili ya Ujerumani, Poland na Urusi huzianza usiku wa Jumamosi, siku chache kabla ya sikukuu. Kipindi hicho ndicho cha salamu ya kwanza: ketiva vachatima tova, uandikwe vema na utiwe muhuri vema. Huandikwa mwishoni mwa barua. Rabi Jacob Moelin wa mji wa Mainz, aliyefariki mwaka 1427, anakumbukwa kwa kuieleza desturi hii ya mtu kumwandikia rafiki yake ndani ya Eluli na kumtakia mwaka mwema. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Ujerumani vikaigeuza kuwa kadi zenye maua na picha, Marekani ikazipokea, na leo, bila shaka, ni WhatsApp.

Kuandikwa wapi? Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya walimu juu ya Mishna, ina neno la Rabi Kruspedai, alilolipokea kwa Rabi Yohanan: siku ya Rosh Hashanah hufunguliwa vitabu vitatu. Kimoja cha waovu kabisa, kimoja cha wema kabisa, na kimoja cha watu wa katikati. Wema huandikwa na kutiwa muhuri papo hapo kwa uzima. Waovu nao papo hapo, kinyume chake. Wa katikati wanabaki wananing'inia hadi Siku ya Upatanisho. Mishna yenyewe inasema viumbe wote hupita mbele za Mungu siku hiyo mmoja mmoja, kama kondoo wanavyohesabiwa wakitoka zizini. Wote, naomba msikie, si Wayahudi peke yao. Ndiyo maana rabi niliyewahi kumuuliza kama ni sawa mimi kumsalimia kwa salamu hii alinitazama kwa mshangao: nawe pia unahukumiwa, akasema.

Usiku wa kwanza, watu wakitoka sinagogini, ndipo salamu kamili inapotolewa: leshana tova tikatevu vetechatemu, mwandikwe na mtiwe muhuri kwa mwaka mwema. Hiyo ni kwa watu wengi. Kwa mwanamume mmoja utasema tikatev vetechatem, kwa mwanamke mmoja tikatevi vetechatemi. Kiebrania hakimwachi mtu bila kumjua ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo mkiona inawachanganya rudini kwenye shana tova, haina jinsia na haimchukizi mtu.

Halafu kuna adabu moja ninayoipenda sana. Wengi wenye asili ya Ulaya huacha salamu ya kuandikwa ikifika mchana wa siku ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu wema huandikwa mara moja. Ukimwambia mtu alasiri “uandikwe”, ni kama umemwambia: naona wewe hukupita asubuhi. Unamhesabu katika wale wanaoning'inia. Inabidi umdhanie mwenzako kwamba kesi yake imekwisha, tena kwa ushindi, hata kama wewe mwenyewe una wasiwasi na yako. Baada ya hapo wanasema shana tova tu, au shana tova umetuka, mwaka mwema na mtamu.

Jamaa nyingine wana zao. Waliozoea Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wanasema a gut yor. Wayahudi wa asili ya Hispania wanasema tizku leshanim rabot, mjaliwe miaka mingi, na anayeambiwa hujibu ne'imot vetovot, yenye kupendeza na mema. Wale waliohifadhi Kiladino, Kihispania cha mababu waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, husema anyada buena.

Na chag sameach, sikukuu njema? Wapo wanaoisema, na hakuna atakayekukaripia. Wakali wa mambo wanaiweka kwa ajili ya Pasaka na sikukuu nyingine za kuhiji. Talmudi inasimulia kwamba malaika waliuliza kwa nini Israeli hawaimbi zaburi za shangwe siku hii kama wanavyoziimba sikukuu nyingine. Wakajibiwa: Mfalme ameketi katika kiti cha hukumu, vitabu vya walio hai na vya wafu vimefunguliwa mbele yake, nao waimbe?

Hapo mtu angetazamia majivu na magunia. La! Talmudi ya Yerusalemu inasema kwamba desturi ya ulimwengu ni mtu mwenye kesi kuvaa nguo nyeusi na kuacha ndevu ziote, maana hajui hukumu itatokaje. Lakini Israeli huvaa nyeupe, hunyoa, hula na kunywa, kwa kuwa wanamwamini Hakimu. Ukiingia sinagogi nyingi siku hizo utaona pazia la sanduku la Torati limebadilishwa kuwa jeupe, na wanaume wengine wamevaa kanzu nyeupe. Wasomaji wa Nehemia sura ya 8 mnakumbuka kisa chenyewe: siku ya kwanza ya mwezi wa saba watu walisikia Torati ikisomwa wakaangua kilio. Wakaambiwa wasilie, waende wakale vinono na wanywe vitamu, na wampelekee fungu asiyewekewa kitu. Meza ya Rosh Hashanah imetoka hapo.

Meza hiyo sasa. Tofaa lililochovywa kwenye asali linajulikana duniani kote, nalo linaandikwa katika vitabu vya sheria vya karne ya 14 kama desturi ya Wayahudi wa Ujerumani. Mkate wa Sabato ambao kwa kawaida husukwa mrefu hufanywa wa mviringo, nao huchovywa kwenye asali badala ya chumvi. Keki ya asali ipo pia. Lakini mkitaka kujua meza iliyo ya kale zaidi, waendeeni Wayahudi wa Mashariki. Abaye, mwalimu wa Babeli wa karne ya 4, alisema kwa kuwa ishara zina uzito, mtu azoee kuviona mwanzoni mwa mwaka vitu vitano: mung'unye, rubia, liki (jamii ya kitunguu), kiazi sukari au majani yake, na tende. Rubia wengine walisema ni uwatu, lakini meza nyingi za Mashariki zinaweka kunde. Kunde, malenge na tende: mama zangu, hii ni orodha ya sokoni kwetu Marikiti.

Kila kimoja kina dua yake, nayo inacheza na jina la chakula. Tende ni tamar, dua inaomba maadui wakome, yitamu. Rubia, wanaomba thawabu ziongezeke, yirbu. Mung'unye, kara: hukumu mbaya ipasuliwe na mema yetu yasomwe, kwa kuwa kitenzi cha kupasua na cha kusoma vinafanana sana masikioni. Mnaona? Hata mboga zimeitwa kutoa ushahidi. Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambao tende waliziona kwa nadra, wakatumia karoti, kwa sababu kwa Kiyidi karoti ni meren na neno hilo hilo ni kuongezeka. Kisha huletwa kichwa cha samaki au cha kondoo, na dua ya Kumbukumbu la Torati 28: tuwe kichwa, tusiwe mkia. Watu wa Kisumu wasingehitaji kushawishiwa kwa dua. Komamanga huliwa ili mema yawe mengi kama punje zake. Husemwa kwamba zipo 613, sawa na amri za Torati, na sijamwona aliyezihesabu. Siki na vikali huepukwa. Wengine hata njugu hawali, kwani herufi za neno la Kiebrania la njugu zikijumlishwa thamani zake za hesabu hukaribiana na neno dhambi. Usiku wa pili huwekwa tunda ambalo mtu hajalila msimu huo, ili baraka ya kushukuru kwa kuufikia wakati huu isomwe bila shaka yoyote.

Asubuhi ni ya pembe. Zaburi ya 81 katika Biblia yetu ya Kiswahili inaiita panda, ipigwe wakati wa mwandamo. Ni pembe ya kondoo dume, kwa kumbukumbu ya yule aliyenaswa kichakani Ibrahimu alipomfunga Isaka. Sura hiyo, Mwanzo 22, ndiyo inayosomwa siku ya pili. Siku ya kwanza inasomwa sura ya 21, na Waislamu hapa watafurahi kujua kwamba asubuhi ya mwaka mpya Wayahudi wanasoma habari za Hajiri jangwani, maji yamekwisha, na Mungu akisikia sauti ya Ismaili. Pembe ya ng'ombe haikubaliwi, kwa ajili ya yule ndama wa dhahabu. Talmudi inaeleza sababu kwa lugha ya mahakama: mwendesha mashtaka hageuki kuwa wakili wa utetezi. Wayahudi wa Yemeni, kwa upande wao, walizoea pembe ndefu iliyojisokota ya tandala, mnyama wa Afrika yetu.

Sauti ziko tatu. Moja ndefu iliyonyooka; moja iliyovunjika mara tatu kama mtu anayepiga kite; na moja ya vipande vidogo vidogo kama mtu anayelia kwa kwikwi. Wazee hawakuwa na hakika kilio kilichotakiwa na Torati ni kipi, cha kite au cha kwikwi, ndipo Rabi Abahu wa Kaisaria akaamuru vyote vipigwe, kwa mpangilio wa kila namna. Jumla yake katika jamaa nyingi hufikia sauti 100. Musa bin Maimuni, yaani Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa zama za kati, aliisikia pembe ikisema: amkeni enyi mliolala, chunguzeni matendo yenu. Talmudi inaongeza kwamba pembe hupigwa tena na tena ili kumchanganya Shetani, ambaye katika kesi hii ndiye mshtaki. Nimeona mawakili wakifanya hivyo hivyo pale mahakamani Milimani, bila pembe.

Alasiri watu huenda kwenye mto, bahari au hata kisima, husoma maneno ya Mika sura ya 7 juu ya Mungu atakayezitupa dhambi katika vilindi vya bahari, na wengine hukung'uta pindo za nguo. Desturi hiyo huitwa tashlich, na rabi yule yule wa Mainz ni miongoni mwa wa kwanza kuiandika. Wenye akili ya haraka hudhani kesi imekwisha hapo, dhambi zimekwenda na maji. Mishna haiwaachii. Makosa kati ya mtu na Mungu, inasema, Siku ya Upatanisho hupatanisha. Makosa kati ya mtu na mwenzake haipatanishi mpaka amridhishe mwenzake. Kwa hiyo siku kumi tangu mwaka mpya hadi Upatanisho ni siku za simu. Mtu humpigia shangazi waliyekosana, mshirika wa biashara aliyemdhulumu, mfanyakazi aliyemfokea. Maimonides anaagiza uende hata mara tatu pamoja na marafiki, na kama ulichukua mali, maneno matamu hayatoshi: urudishe. Dawa ya deni kulipa, hata mbinguni.

Nisingetenda haki nikizungumza kana kwamba mambo haya yako mbali. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapendekezea Wazayoni wa Theodor Herzl, waliotafuta nchi ya Wayahudi, ardhi ya huku kwetu, iliyokuja kutajwa kuwa ya Uasin Gishu, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa. Wanandi hawakuulizwa na yeyote. Lakini familia chache zilikuja Kenya hata hivyo, sinagogi ya kwanza ya Nairobi ikakamilika mwaka 1913, na jengo la sasa mnalipita kila siku pale University Way mkiwa kwenye matatu. Kule Mbale, Uganda, Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha akawachoka, aliishika Torati karibu na mwaka 1919 pamoja na watu wake. Kizazi chao, Abayudaya, walisali kwa kujificha Idi Amin alipopiga marufuku dini yao. Lubumbashi, mji wa Kiswahili, ilipokea Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, wenye Kiladino chao, wakajenga sinagogi karibu na mwaka 1930. Julai 1944 Wanazi waliwachukua ndugu zao waliobaki Rhodes hadi Auschwitz, na salamu ya anyada buena ikabaki kwa wale waliokuwa Kongo na kwingine walikotawanyika. Na Wayahudi wa Ethiopia, walioishi bila Talmudi kwa karne nyingi, waliiita siku hii Berhan Saraka, mwanga umechomoza, nao hawakuwa na desturi ya tofaa.

Nimalizie na mwenendo wa kesi. Siku ya tatu ya Tishri ni saumu ya kumkumbuka Gedalia, liwali wa Yuda aliyeuawa baada ya Yerusalemu kuanguka. Kuanzia siku mbili za sikukuu zinapokwisha, acha kabisa salamu ya “uandikwe”. Salamu sasa ni gmar chatima tova, umalizie kwa muhuri mwema. Usiku wa kuingia Siku ya Upatanisho unaweza kuongeza tzom kal, saumu nyepesi, maana watu hawali wala hawanywi kwa saa 25 hivi. Katika sala ya mwisho ya siku hiyo, jua likielekea kuzama, lile neno “tuandike” lililosemwa siku zote kumi hubadilishwa kuwa “tutie muhuri”. Mlango unafungwa.

Karibu ufungwe, niseme. Watu wamezoea kuacha nafasi ya rufaa. Mapokeo yanasema kwamba hati za hukumu hazitoki masijala hadi siku ya Hoshana Raba, tarehe 21 Tishri, mwishoni mwa Sikukuu ya Vibanda, na siku hiyo salamu ni pitka tava, hati njema, kwa Kiaramu. Aliyechelewa kabisa bado ana la kusema.

Mwaka huu, basi. Tangu Ijumaa tarehe 14 Agosti mnaweza kuandika ketiva vachatima tova. Salamu za mwaka mwema kwa simu zitumwe kabla ya jua kutua tarehe 11 Septemba, kwani wanaoshika sheria hawatagusa simu Jumamosi wala Jumapili. Siku ya kwanza ni Sabato, kwa hiyo pembe itanyamaza, isikilizwe Jumapili tarehe 13, na kwenda mtoni pia kumesogezwa hadi hapo. Upatanisho unaingia jioni ya Jumapili tarehe 20. Hoshana Raba ni Ijumaa tarehe 2 Oktoba. Na mkisalimiwa ninyi kwanza, mjibuni mwanamume gam lecha, mwanamke gam lach, nawe pia. Ukisahau yote, sema shana tova, kula tofaa utakalopewa, na usiulize kwa nini kichwa cha samaki kinakutazama.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tuyapeleke kwenye chai.